Mashine Niliyoiuza kwa Mwandiko Wangu

Kijijini kwetu, kata ya Isansa, hakuna mtu anayesema anakwenda kusagisha. Anasema, "Naenda mashine." Ukimkuta mwanamke njiani na debe la mahindi kichwani ukamuuliza anaelekea wapi, atakujibu "mashine," basi, na wewe umeshaelewa. Mtoto akitumwa akachelewa, mama yake anasema yuko mashine. Mashine ni pale pote. Ni banda la matofali ya kuchoma, bati lililogeuka jeupe kwa unga, benchi la nje la kukalia foleni na maneno yanayosemwa kwenye lile benchi, na ndani injini ya dizeli na kinu chake. Vyote hivyo tunaviita kwa neno moja. Na mimi nilikuwa naitwa Mama Mashine.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii kwa watu wa mjini wananiuliza, "Sasa mama, ulikosea wapi?" Wengine wanadhani nilitapeliwa. Sikutapeliwa.

Mimi nimezaliwa Ruanda, kata ya hapa hapa Mbozi, nikaolewa Isansa. Mume wangu aliinunua ile injini mwaka mmoja kahawa ilipokubali sana. Lori liliishia barabarani kwa sababu ya matope, ikabidi ivutwe na maksai mpaka nyumbani, watu wakiifuata nyuma kama wanasindikiza bibi harusi. Kabla ya hapo wanawake wa kwetu walikuwa wanashuka bonde, wanavuka mto, wanapanda tena mpaka mashine ya ng'ambo. Ukienda asubuhi unarudi jua limeinama. Wengine walijifungulia kwenye njia ile. Wakati wa mvua unga unafika nyumbani umekuwa uji.

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walisema nitafute mtu wa kuiendesha, maana mwanamke na injini wapi na wapi. Nikajifunza. Kuzungusha ile hendeli si mchezo, ikikurudia inavunja mkono. Kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja kwenye tangi, nasali kidogo, ndipo nazungusha. Wanawake kwenye benchi wakicheka. "Jamani tulieni, Mama Mashine anaibatiza dizeli." Mwingine anaitikia, "Amina, na isiishe leo kabla ya zamu yangu."

Kulikuwa na utaratibu ambao mume wangu aliuanza na mimi sikuuvunja. Asiye na hela anaachia pumba. Akikoboa mahindi yake, pumba inabaki kwangu, yeye anabeba unga wake anaondoka, hatudaiani. Nilifuga nguruwe kwa pumba hiyo. Karibu nusu ya wanawake wa kwetu, miezi ile ya kabla ya mavuno hasa, walikuwa wanaishi kwa kuachia pumba. Hakuna aliyeona haya, kwa sababu hata mke wa mzee wa kanisa alikuwa anaachia.

Halafu kifua changu kikaanza.

Kilianza kama kikohozi cha baridi, unajua Mbozi mwezi wa sita na wa saba upepo unavyokata. Baridi ikaisha, kikohozi kikabaki. Nikawa siwezi kumaliza wimbo kwenye kwaya, naimba mstari mmoja, wa pili nafungua mdomo tu. Hospitali walinipiga picha, wakanipa dawa, nikarudi, nikapigwa tena. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniuliza, "Mama unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Basi ndiyo hiyo. Umevuta unga miaka yote hiyo. Mama, ukikaa mwaka mwingine ndani ya lile banda, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Kufunika kitambaa hakutoshi. Toka kabisa."

Nilikaa na hilo neno wiki mbili bila kumwambia mtu. Nilisali, nikalia, nikasaga. Binti yangu alipopiga simu kutoka chuoni akanisikia ninavyohema akasema, "Mama uza. Mimi nimeshampoteza baba, sitaki kuambiwa na wewe umekwenda." Ndipo nikakubali.

Jumapili baada ya ibada niliwaomba akina mama wasiondoke. Nikasimama mbele yao nikawaeleza kuhusu kifua. Wengine walitokwa na machozi. Kisha bibi jirani yangu, mwanamke mzee ambaye alimjua mume wangu tangu anatambaa na mimi aliniita mkamwana, akauliza lile swali lililokuwa kwenye vichwa vyote.

"Sasa mkamwana, sisi tutasaga wapi?"

Nikasema, "Bibi, nauza kwa mtu atakayesaga. Hamtarudi ng'ambo. Nasema mbele ya madhabahu, hamtarudi."

Nilisema hivyo, hakuna aliyenishurutisha. Wakapiga makofi, mmoja akaanzisha wimbo, tukaimba wote, mimi mstari mmoja na wa pili kimya.

Nikafunga siku tatu kuomba Mungu alete mnunuzi. Siku ya nne, nikiwa nafagia banda, akaja mtu kwa bodaboda kutoka Tunduma. Mwanaume wa makamo, kofia ya kijani, kashika chupa ya maji. Akaniamkia vizuri. Akasema ameambiwa kuna mama anauza mashine. Siku ya nne! Hata leo, nikijiuliza kwa nini sikumwuliza maswali, jibu ni hilo. Nilimwona kama ametumwa. Mtu aliyetumwa na Mungu hahojiwi.

Aliizunguka injini, akapiga kinu kwa kidole akisikiliza mlio, akanyoosha mkanda. Akaniomba niiwashe. Ikakubali mara ya kwanza.

"Mama, kwa siku inasaga magunia mangapi?"

Nikamwambia, na nikaongeza wateja wanatoka wapi na wapi, na msimu gani foleni inafika barabarani. Yeye alikuwa anatikisa kichwa. Mimi nilisikia anauliza habari za wateja. Yeye, kumbe, alikuwa anauliza nguvu ya injini.

Nikampikia ugali kwa unga wa hapo hapo, maharage na mboga za maboga. Akala, akasifu. Akasema, "Mama usiwe na wasiwasi. Nitaitunza kama ulivyoitunza wewe." Nilishukuru kimoyomoyo.

Hatukuvutana kwenye bei. Tukakubaliana aje wiki inayofuata na mauziano yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu masomo yangu ya jioni. Mimi utotoni niliishia darasa la nne. Baada ya kufiwa nilijiandikisha kwenye darasa la watu wazima, jioni, kwenye shule ya msingi ileile wanayosoma watoto, tukikaa kwenye madawati madogo magoti yamefika kidevuni. Nilipenda mno. Mwalimu wetu alitufundisha barua ya kirafiki, barua ya kikazi, kisha hati ya mauziano. Alikuwa anasema, "Andika nani anauza, nani ananunua, kinauzwa nini, tarehe, sahihi, mashahidi. Porojo zote acha nje." Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Kwa hiyo mwenyekiti aliposema amwite karani wa kata aje kuandika, nilikataa. "Mwenyekiti, nitaandika mwenyewe."

Niliandika kwa kalamu ya bluu, nakala mbili. *Mimi mwenye sahihi hapa chini nimemuuzia ndugu huyu mashine yangu ya kusaga na kukoboa iliyopo kijijini hapa, pamoja na vifaa vyake vyote. Kuanzia leo ni mali yake.* Kiwanja sikukiandika, kwa sababu kiwanja ni cha ukoo wa mume wangu na shemeji yangu alishasema hakiuzwi, mnunuzi atasagia hapo hapo bila kudaiwa chochote. Kwangu hilo lilikuwa limeisha. Nani ananunua mashine halafu asagie angani?

Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Akanitazama. "Mama, huu mwandiko ni wa karani kabisa." Mnunuzi naye akasema, "Kweli, mama kasoma." Mihuri ikapigwa. Nilikwenda nyumbani natembea kama nimevishwa taji. Namwambia Mungu asante, hata shule umenipa kwa ajili ya siku hii.

Fuso ilikuja Jumanne asubuhi. Foleni ilikuwa na wanawake saba, tumekubaliana niendelee kusaga mpaka mwenyewe afike. Wakashuka wanaume watano na spana na minyororo na magogo. Mnunuzi mwenyewe hakuwepo. Nikajua wamekuja kufanya matengenezo kabla hajaanza kazi. Niliwaamkia, nikazima injini, nikaenda nyumbani kuwachemshia chai. Nilikata na viazi. Hiki kitu kinanichoma kuliko vyote, kwamba niliwatia nguvu kwa chai yangu.

Niliporudi na birika, nati za chini zilikuwa zimeshafunguliwa. Mkanda upo nje kwenye nyasi. Bibi jirani yangu amesimama mlangoni kashika debe lake.

"Mkamwana," akasema, "hawa wanaipeleka kuogeshwa?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikamwuliza kiongozi wao, "Mwanangu, mnabadilisha nini?"

"Hatubadilishi, mama. Tunapakia."

"Mnapakia mnapeleka wapi?"

"Tunduma. Bosi kajenga banda karibu na maegesho ya malori."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasema, "Hapana, hii inabaki hapa." Akatoa karatasi mfukoni, nakala ya ile karatasi yangu. Akanionyesha kwa kidole kilichojaa grisi. "Mashine na vifaa vyake vyote. Si ndiyo, mama? Au kuna nyingine?"

Nikaisoma. Nilisoma neno kwa neno, na kila neno lilikuwa langu. Sikuwa na pa kuweka kidole nikasema hapa pameongezwa.

Nikampigia simu mnunuzi. Simu inaita, haipokelewi. Wakavingirisha injini juu ya magogo, wakihesabu kwa pamoja, wakaivuta mpaka kwenye lori kwa minyororo. Wanawake saba wanaangalia na mahindi yao chini. Lori lilipoondoka, ndani ya banda palibaki matundu manne ya nati kwenye saruji, na mafuta yaliyomwagika, na mwanga unaingia mlangoni kana kwamba nyumba haikuwahi kuwa na kitu. Mwanamke mmoja akajitwisha debe lake kwa shida, akageuka akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Bibi alibaki mwisho.

"Mbele ya madhabahu," akasema. Hilo tu.

Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Tunduma. Nilikuwa siendi mara nyingi, makelele yale yananichanganya. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani hadi macho yanachoka, wabadilisha fedha na mabunda yao, bodaboda wanakupigia honi wewe umesimama. Nilikuwa nimeelekezwa vibaya, nikazunguka sana. Kisha katikati ya ngurumo zote zile nikaisikia. Siwezi kueleza vizuri. Ile injini ina kigugumizi, inapiga tatu haraka, inasita, inapiga tena. Nimeamka nayo miaka mingi. Nilifuata mlio huo kati ya matela ya malori mpaka nikafika kwenye banda jipya la mabati, na hapo ilikuwepo, imefutwa vizuri, imepakwa rangi ya kijani. Alikuwa ameitunza. Hakudanganya.

Mnunuzi akanikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti na soda. Kulikuwa na mwanamke kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anasubiri viroba vyake vya unga. Akaniona nakohoa akaniambia, "Pole, mayo," ndivyo wanavyomwita mama kwao, akanipisha kivulini.

Nikamweleza mnunuzi yote. Nikamwambia nimewaahidi wanawake kanisani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mama, mimi sikujua. Nakuapia sikujua. Ungeniambia siku ile kwamba sharti isagie kule, ningekushukuru kwa chakula nikaondoka zangu. Mimi ni mtu wa Tunduma, kule Isansa ningekaa na nani? Nimeshajenga, nimeshachukua oda za Wazambia. Nikikurudishia, mimi nakufa."

"Naomba basi uniuzie tena."

"Utanirudishia hela, mama?"

Hela yenyewe? Ilishaingia hospitali na chuo cha binti.

Akaona aibu kuniuliza hivyo. Akasema, "Labda hivi. Wakitaka unga, watume oda, mimi nitaleta viroba mpaka kijijini." Alikuwa anasema kwa moyo mzuri. Lakini wanawake wa kwetu hawana hela ya viroba. Wana mahindi, na walikuwa na pumba.

Niliporudi nikakuta jambo limeshakwenda mbele bila mimi. Akina mama walikwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye naye alikuwa anaona haya kwa mhuri wake, akaandika barua ya wito. Mnunuzi aje ofisi ya kijiji ajibu kwa nini ameondoa mashine ya wananchi. Alasiri ya siku moja kabla ya kikao wakaja kwangu wanawake kama kumi. Wakakaa kwenye nyasi. Bibi ndiye alikuwa msemaji.

"Mkamwana, tumeshaongea na mwenyekiti. Anasema kuna njia. Mauziano ya mdomo nayo ni mauziano, kama kuna aliyeyasikia. Kesho utaulizwa kama yule mtu aliahidi kusaga hapa. Wewe utasema aliahidi. Sisi tutasema tulimsikia."

"Mlimsikia lini, bibi?"

"Wewe usiulize tulimsikia lini. Tulikuwa kwenye benchi."

"Siku ile benchini hapakuwa na mtu. Nilikuwa nafagia."

Mwanamke mmoja wa makamo yangu, tunaimba naye kwaya, akadakia, "We mama, kwani anayekuomba uue mtu ni nani? Ni neno moja. Aliahidi. Basi!"

"Na tutaapa kwa Biblia," nikasema. "Mwenyekiti huwa anaapisha."

"Ulivyosema hatutarudi ng'ambo uliapa kwa kitu gani?" Huyo alikuwa bibi, kwa sauti ya chini.

Nikawaambia nitasema kilichotokea. Wakanyanyuka. Nadhani wengine waliondoka wakiamini nitalainika kufikia asubuhi. Na mimi, Mungu anajua, niliomba nilainike. Nilipiga magoti nikamwambia Baba, kama kuna njia ya kusema aliahidi bila kuwa uongo, nionyeshe. Alisema ataitunza. Je, kuitunza mashine si kuitunza pale ilipo? Kwa lugha yetu ni hivyo hasa. Niligeuza hilo neno huku na huku kama mtu anayetafuta shilingi kwenye pindo la kanga. Lakini nilikuwa namjua yule mtu alimaanisha nini. Nilishaiona ile rangi ya kijani.

Ofisi ya kijiji ilijaa hadi madirishani. Mnunuzi alikuja peke yake, bila wakili wala ndugu, akakaa kwenye benchi la mbele. Mwenyekiti akaniapisha. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayemshika mzee mkono avuke.

"Mama, swali langu ni moja. Huyu bwana, siku ile au siku nyingine yoyote, alitamka kwa kinywa chake kwamba ataendelea kusaga hapa kijijini?"

Nje mtu alikohoa kwa makusudi. Nilijua ni bibi.

"Hakutamka," nikasema.

"Mama, fikiri vizuri. Binadamu husahau."

"Sijasahau, mwenyekiti. Aliuliza inasaga magunia mangapi. Akasema ataitunza. Wapi, hakusema."

"Na wewe ulimwambia unataka isibanduke hapa?"

"Sikumwambia. Nilidhani anajua. Niliandika mashine."

"Na kwako mashine ni..."

"Ni pale," nikasema, na nikanyoosha mkono kuelekea upande lilipo banda, ingawa ukuta wa upande huo haukuwa na dirisha.

Mwenyekiti akafunga daftari lake. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana kelele ningezijibu. Mnunuzi akasimama, akaja mbele yangu akasema, "Asante sana, mama. Mungu akubariki." Laiti asingenishukuru. Alinishukuru mbele yao wote, kama vile tulikuwa upande mmoja.

Kwenye ngazi bibi alikuwa ananisubiri. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia marahaba. Alisema, "Mungu wako umemridhisha. Sisi umetukosesha unga."

Tangu siku ile hajaniita mkamwana. Ananiita "mama" kama anavyomwita mwanamke yeyote anayepita.

Mchungaji aliniambia nilifanya vema. Alisema kwa ukarimu, nikamshukuru. Lakini mchungaji ana jiko la gesi na unga wake unatoka Vwawa mjini kwenye gari. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kuwa na shaka kuhusu kile kiapo cha ofisini. Kinachonikosesha raha ni kile cha kwanza, ambacho hakuna aliyeniomba. Kwamba nilisimama mbele ya madhabahu nikaahidi kitu kilichokuwa mikononi mwa mtu ambaye nilikuwa bado sijamwona.

Nimejaribu kutafuta mtu mwingine wa kuleta injini pale bandani. Wawili walikuja, wakaangalia, wakauliza hao wanaoachia pumba ni wengi kiasi gani, hawakurudi. Kifua kimepungua kidogo. Naweza kuimba mistari miwili sasa, ila kwenye kwaya nafasi yangu ya kusimama imekuwa pembeni, sijui ilikuwaje, hakuna aliyenisogeza.

Na mimi nasaga ng'ambo kama wote. Daktari alisema niache kukaa ndani ya banda la kusagia, hakusema nisile. Wiki iliyopita nilishuka bonde na debe langu, peke yangu, nyuma ya kundi la wanawake wa kwetu. Walikuwa mbele hatua kama mia. Nikikazana, na wao wanakazana. Kwenye mto walivuka, wakapeana mikono kwenye mawe, nikavuka baadaye kwa kushika matete.

Mashine ya ng'ambo haipokei pumba. Nililipa. Nikajifunga kitenge puani, nikasimama mlangoni upande wa upepo mpaka zamu yangu ikapita. Wanawake wa kwetu walipomaliza walitwishana, mmoja anamwinulia mwenzake, mpaka akabaki wa mwisho, naye akarudiwa na mwenzake akatwishwa. Debe la unga mtu hajitwishi mwenyewe hivi hivi, lazima pawe na mikono minne. Nilisimama karibu na debe langu. Mwanamke wa kwaya alinitazama, nikaona mikono yake inataka kunyooka. Kisha akatazama mbele na kufuata wenzake.

Nilijaribu kuliweka kwenye goti. Kikohozi kikanishika, nikalitua. Mwenye mashine, mzee ambaye nguo zake zote ni nyeupe kwa unga kama zilivyokuwa zangu, akatoka ndani kunisaidia. Akaliinua, akaliweka kichwani kwangu juu ya kata, akahakikisha limetulia.

"Umetoka Isansa, mama?"

"Ndiyo, mzee."

"Siku hizi mnakuja wengi kweli. Kule kwenu si kulikuwa na mashine?"

"Ilikuwepo," nikasema. "Niliiuza mimi."

Aliondoa mikono yake kwenye debe. Nikaanza kushuka.